Shangazi Maswali

Vijana walimwita Shangazi Maswali, na kusema kweli jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuwafuata watoto waliosaidiwa na mfuko mmoja wa vijana, mwaka hadi mwaka, akiwahoji wanavyoendelea, ili wataalamu wajue msaada upi unamfaa mtoto na upi ni kelele tupu. Sheria ilikuwa chungu: soma swali lilivyo, usiongeze neno. Mtoto akikueleza amefiwa, hata pole usimpe, eti utaharibu majibu. Jamani! Mtu akae na pole yake kooni kama mwiba wa samaki?

Alijikaza kisabuni. Nyumbani hakukuwa na wa kumwuliza za kutwa. Mume alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee alihamia mbali, simu zake zikawa za kubahatisha. Hao watoto wa utafiti ndio aliokuwa nao, na hata hao hakuruhusiwa kuwazoea.

Kisha wafadhili wakafunga mkoba. Mahojiano ya mwisho yakawa ya binti mchomeleaji, aliyemjua tangu ana mapengo. Mwaka ule binti alipofiwa na mama yake, Shangazi alimsomea maswali yote kwa macho makavu, akaenda kulilia njiani. Sasa alimkuta karakanani, kaegemea geti alilolichomelea mwenyewe, miwani ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso. Alitamani kumpa hongera. Akameza, akafungua tableti.

"Ukipatwa na shida, ni mtu mzima gani unaweza kumwendea? Mzazi, ndugu, mwalimu, jirani, mwingine, hakuna."

"Wewe," binti alisema bila hata kufikiri.

"Mhoji hahesabiwi."

"Basi hakuna."

Shangazi akabonyeza "hakuna". Miaka yote ile, na jibu ndilo hilo! Ilimuuma sana.

"Ndiyo tumemaliza, Shangazi?"

"Tumemaliza. Sitarudi tena."

Binti akajiweka sawa, akaiga sauti ile ile kavu ya mhoji. "Ukipatwa na shida, ni nani unaweza kumwendea? Mume, mtoto, ndugu, jirani, mwingine, hakuna."

"Wewe nawe, mtundu!" Shangazi alicheka. Halafu kicheko kikamwishia. Akaitazama tableti, pale alipobonyeza "hakuna".

Binti naye hakumpa pole. Alichukua chaki ya kuwekea alama vyuma, akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi, akakitumbukiza kwenye mkoba wa Shangazi.

Jioni, tableti ikiwa imesharudishwa ofisini, Shangazi aliketi peke yake sebuleni. Nyumba ilikuwa kimya hadi inakera. Akatoa kile kipande cha boksi, akapiga, akajitaja.

"Shangazi! Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu," alisema, na machozi yakamtoka. "Lile geti ni zuri, hongera. Na pole ya mama, mwanangu. Pole sana."