Mbeti, Nzuki na Barabara ya Kando ya Mto

Ukifika mtaa wa Tena uulize kwa Mbeti, hutaonyeshwa nyumba, utaonyeshwa miti. Alikuja mtaani hapo akiwa bibi harusi kutoka Mwala, yeye karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, mumewe Nzuki mchonga vinyago. Wakati huo ukingo wa mto nyuma ya nyumba zao ulikuwa jaa. Mwenye godoro bovu, mwenye mbwa aliyekufa, wote walijua pa kwenda. Na mvua ikinyesha, mto uliwarudishia kila kitu mlangoni, kama jirani mwaminifu anayerudisha sufuria.

Alipostaafu, Mbeti alinunua buti za mpira, akashuka mtoni na reki, akaanza kukusanya taka. Watu wakasema pensheni imemchanganya mama wa watu. Jirani yake Wacera, muuza mboga, akashuka kumsaidia, kwa huruma tu, alivyodai. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Mwishowe likawa kundi zima la akina mama, wakapanda mikuyu, mianzi na mikangazi, wakaimwagilia kwa madumu. Miti ikashika. Ndege wakaja, nyuma ya ndege wakaja wapenzi wa jioni, na mafuriko yalipopiga jiji ukingo ule haukumeguka.

Ndipo ikaja habari ya barabara mpya. Hakuna aliyeikataa. Kutoka hapo kwenda Donholm, mtaa wa jirani, ilikuwa ni kuzunguka kama mtu anayejikuna sikio la kulia kwa mkono wa kushoto. Tatizo lilikuwa ipite wapi. Wapima ardhi walikuwa na njia mbili: moja ingefyeka miti ya akina mama, nyingine ingekula mageti, vibaraza na banda la Nzuki la kuchongea. Asubuhi moja Nzuki alitoka na kikombe cha chai, akakuta geti lake limepakwa X nyekundu. Akachungulia mtoni. Miti ya mkewe nayo ilikuwa imepakwa X.

"Mama Maingi," akasema, "kama ni kuchagua, heri miti. Mti huota tena. Umewahi kuona banda likiota?"

"Banda utalijenga tena kabla ya Krismasi, Baba Maingi. Ule mkangazi umekua nikizeeka."

"Na ukikatwa nitapata mbao safi."

Alikuwa anatania, lakini mchana huo alikula ugali bila mboga.

Baraza liliitwa kwenye uwanja wa kanisa. Mhandisi, dada mmoja mpole aitwaye Everline, alitundika ramani ukutani akaomba maoni. Mbeti alikuwa wa kwanza kusimama. Akaeleza habari za jaa, za mafuriko, za watoto ambao sasa wana kivuli cha kuchezea. Akapigiwa makofi, akaketi ameshiba sifa.

Kisha nyuma kabisa akasimama Nzuki, kofia mkononi.

"Mimi ni mume wa huyo aliyeketi sasa hivi," akaanza, na uwanja mzima ukacheka. "Nampenda, na leo nitalala nje." Wakacheka zaidi. Akangoja watulie. "Lakini banda lile ndilo lililosomesha watoto wetu. Wateja wangu wameuzoea mlango ule. Fidia italipa mabati. Haiwezi kulipa ile miaka ya watu kukuzoea."

Mbeti alihisi maneno hayo yakimchoma. Nyumbani Nzuki hakuwahi kuyasema. Kazi yake ilikuwa mizaha. Miaka yote alikuwa akiliona banda kama mabati na vumbi la mbao. Sasa aliona mtu amesimama akikunjakunja kofia, asitake kumshinda mkewe wala kupoteza mlango wake.

Akasimama tena. "Mhandisi, hebu niulize. Barabara hii ina upana gani, hata isitoshe kupita kati ya miti yangu na banda la mume wangu?"

"Barabara yenyewe ingetosha, mama," Everline akajibu. "Kinachoipanua ni maegesho ya magari pande zote mbili. Wafanyabiashara waliyaomba."

Vichwa vikageuka vyote kumtazama Kinyanjui, mwenye buchari na nyama choma pale konani. Akainuka polepole, mtu mnene, jasho likimtoka.

"Ni mimi niliyeomba," akasema. "Biashara bila maegesho ni biashara gani?"

Watu wakaanza kumzomea. Mbeti akawanyamazisha kwa mkono. "Kinyanjui, ndugu yangu, Jumapili wateja wako huketi wapi?"

Kinyanjui akafikiri. "Chini ya miti."

"Na huja na magari?"

"Magari ya wapi? Ni hawa hawa hapa!" Akawanyooshea kidole majirani, na kabla hajamaliza akaanza kucheka mwenyewe, tumbo likimtikisika. "Basi ondoeni maegesho. Mwenye gari aliache mbali, atembee, afike na njaa."

"Mathe, umeweza!" akapaza sauti Owen, kijana wa bodaboda, na baraza likaisha kwa nderemo.

Ramani ilichorwa upya. Si kwamba hakuna kilichopotea. Nzuki alipoteza geti na kibaraza, Wacera akahamisha kibanda chake huku akilalamika mpaka alipogundua pale papya panapita watu wengi zaidi. Mkangazi mmoja ulikatwa. Siku hiyo Mbeti alilia, na Nzuki akasimama naye mpaka lori lilipoondoka. Hakuomba hata kipande cha mbao.

Lami ilipokauka, kabla magari hayajaruhusiwa kupita, ilikuwa Jumapili. Mtaa mzima ulimwagika barabarani. Moshi wa nyama ulikuwa ukipanda kona ya Kinyanjui, watoto wakichora kwa chaki, kwaya ikiimba bila kupangwa. Mbeti, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupanda baiskeli, aliazima ya Owen, akakunja gauni la kanisani, akapanda. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akawakosa wanakwaya chupuchupu, akicheka mpaka machozi.

"Niachilie sasa, Baba Maingi! Nimejua!"

"Hujajua!" Nzuki alijibu, akikimbia nyuma yake huku akitweta, mikono yote miwili imeshika kiti, wala hakuachilia mpaka Donholm.