Treni ya Shaba Iliyovutwa na Baghala

Nilisafiri kwa sababu binti yangu aliitwa mwongo kwa ajili yangu. Mimi ni fundi wa kusuka mota za umeme, mtaani Gatsata. Kutwa nzima nashika waya wa shaba, na jioni namsimulia Aline, aliye darasa la tano, niliyoyasikia kwa wateja. Siku moja mteja mmoja, mhandisi mzee kutoka Afrika Kusini, aliniambia kwamba kwao, katika jangwa la Namakwaland, zamani shaba ilipelekwa baharini kwa treni iliyovutwa na baghala, wale watoto wa punda na farasi. Nikamsimulia Aline, naye akasimulia darasani. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akamsimamisha aombe radhi kwa kudanganya.

Tangu hapo, kila nilipofungua mdomo aliniuliza, "Papa, hii ni ya kweli ama ni ya kwako?" Iliniuma, sifichi. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Cape Town aliponitumia tiketi nikamtembelee, nilijua nitaishia wapi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa njia panda ya Sonatubes, kuelekea uwanja wa ndege, nyuma ya pikipiki, begi mapajani. Dereva aliuliza ndege inanipeleka wapi.

"Kuangalia mahali baghala walivuta treni."

"Mana we! Mzee, unapanda ndege kwa sababu ya punda?"

"Si punda. Ni baghala."

"Iko tofauti gani?"

"Baghala iko na masikio mafupi."

Alicheka mpaka pikipiki ikayumba, nami nikacheka naye. Nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo haikunitoka safari nzima.

Siku ya tatu, alfajiri, niliondoka Cape Town kwa basi la kwenda kaskazini. Mashamba ya zabibu yakaisha, miti ikaisha, ikabaki milima ya mawe na anga. Nilitafuta mgomba hata mmoja nikakosa. Nikampungia mkono kila mbuni niliyemwona, hadi mama wa kiti cha pili akahamisha mkoba wake.

Alasiri nilifika Okiep, mji mdogo wa Namakwaland wenye bomba refu la moshi la mawe, lililojengwa na wachimbaji waliotoka Uingereza. Mwenyeji wangu alikuwa Tannie Sofia. Tannie kwao ni shangazi. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Alinipandisha kilimani na kunionyesha jiwe lenye madoa ya kijani. Nilipiga kelele. Rangi ile naijua, ndiyo inayoota kwenye waya wa mota iliyolowa maji.

"Wazee wangu Wanama waliifuata rangi hiyo hiyo," alisema. "Walichimba na kufua shaba kabla meli ya kwanza ya Wazungu haijatia nanga. Makampuni yalikuja baadaye."

"Na baghala, shangazi? Niambie habari ya baghala!"

"Tulia, mwanangu. Injini ya mvuke hunywa maji, na hapa umeyaona maji wapi? Ndiyo maana walitandika reli, wakafunga baghala mbele ya mabehewa."

Asubuhi iliyofuata alinipeleka kwenye nyumba ya makumbusho. Picha ilikuwa ukutani: reli, mabehewa, na mbele yake baghala. Nilicheza palepale. Nilimkumbatia Tannie Sofia, nikamkumbatia na mlinzi. Kisha nikasogea kuitazama vizuri. Baghala walikuwa vichwa wazi.

Hapa naungama. Mhandisi hakunitajia kofia. Kofia niliwavalisha mimi, nyekundu, zenye shada, nilipomsimulia Aline, maana nilitaka acheke. Nilipomweleza Tannie Sofia, alijifuta machozi ya kicheko, kisha akaniuliza, "Sasa darasa lilicheka baghala, au lilicheka kofia?"

Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani Gatsata. Safari nzima ilinifunza jambo moja tu, nalo ni aibu kulisema nikiwa na umri huu: habari ile ilitosha kama ilivyokuwa. Nilimpa Aline simu yenye nakala ya picha ile. Aliikuza kwa vidole viwili, akamkagua baghala mmoja mmoja.

"Papa! Ni kweli!" Aliruka, akanikumbatia shingoni. Ningeweza kuishia hapo. Kisha akaitazama tena.

"Kofia ziko wapi?"

"Kofia niliziweka mimi."

Alifungua mkoba wa shule, akatoa daftari na kuandika jambo, halafu akanigeukia kama mwalimu mkuu.

"Jumatatu tunaenda wote. Mimi nitaonyesha baghala. Wewe utasimama mbele, uombe radhi ya kofia."