Nilimwambia Mzee Rajabu ni mwoga, kumbe goti lake lilikuwa linasema kweli

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko.

Haya ninayoandika hata mama yangu hayajui yote. Sitajipamba. Ukifika mwisho ukaona nastahili matusi, tukana tu.

Naishi Mutakura, Bujumbura. Tangu nimalize sekondari nataka kitu kimoja: kuwa kine. Huku ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa fiziotherapia. Chuo hakikunichukua, alama hazikutosha. Nikajifundisha mwenyewe kwa PDF za Kifaransa na video za YouTube. Misuli ya paja naitaja yote bila kufungua daftari.

Na daftari langu ni safi. Nikikosea neno moja nachana ukurasa mzima naanza upya. Ndivyo nilivyo, silali vizuri kitu kikibaki nusu.

Kuna kine mmoja mwenye diploma, ana kliniki yake mjini. Nilimsumbua hadi akachoka. Akasema, "Tafuta jirani mmoja, msimamie mazoezi mepesi ya kutembea, halafu umlete nimwone. Nikiridhika, utakuja kujifunza hapa."

Jirani alikuwepo. Mzee Rajabu, fundi wa pikipiki. Aligongwa na gari, paja likavunjika karibu na goti, hospitali wakamwekea chuma. Mfupa ukaunga, goti likabaki gumu.

Alikuwa na ombi moja tu, asujudu tena.

"Nimechoka kuswali ku kiti kama mugeni," aliniambia.

Mazoezi mepesi nilimfanyisha siku nne. Siku ya tano nikaja na rapporteur, kile kipimo cha pembe cha wanafunzi. Nikaanza kukunja goti na kuandika nyuzi. Likafika tisini, likagoma.

Mimi na tisini hatukuelewana. Kitabu kilitaka zaidi. Kila siku baada ya alasiri nilikuwa juu ya ule mguu.

"Apana, dokta. Hapo inachoma."

"Unaogopa, mzee. Vumilia kidogo."

"Mi sina woga. Sisi ku garaji, kitu ikikwama hatuilazimishi. Tunafungua kwanza, tunaangalia mu ndani."

Mkewe, Mama Zaina, akacheka. "Leo fundi amepata fundi wake."

Nilicheka pia. Kisha nikakandamiza.

Sasa hapa ndipo roho inaniuma. Tulikuwa tunakaa chini ya dirisha lenye kioo kilichovunjika. Mama Zaina alikuwa ameliziba kwa filamu ya eksirei ya mumewe. Nyumba nyingi huku utaikuta hiyo, maana hospitali inakupa filamu yako, na mvua haipiti. Jua la jioni likipiga, mifupa ya mzee inaonekana yote, na katikati kuna duara la kalamu nyekundu.

Nilidhani ni mjukuu wao aliyechora.

Wiki ya tatu goti likavimba, likawa la moto. Tukampeleka kwa yule kine. Hakugusa goti. Aliuliza kwanza, "Filamu iko wapi?"

Mama Zaina akajibu taratibu, "Iko ku dirisha, madame."

Nilirudi Mutakura kuibandua mwenyewe. Kine akaiinua kwenye mwanga. Ndani ya duara kulikuwa na skrubu iliyoanza kutoka mahali pake. Daktari wa hospitali aliizungushia duara lile ili mzee arudi. Mzee hakurudi. Wiki ya kurudi mafuta ya magari yalikosekana, hakukuwa na usafiri, na baadaye akaona mguu hauumi sana.

"Kila ulipokunja," kine akaniambia, "ilikuwa inachana nyama hapa. Wewe uliomba kuiona filamu hii?"

Sikuiomba. Nilikuwa nimeiona kila siku.

Mzee Rajabu akasema akiangalia ukuta, "Nilikuambia inachoma."

Kine hakunifokea. Alisema nisimguse mtu mwingine hadi nipite shule, na nisirudi kwake. Mzee akapasuliwa tena, skrubu ikatolewa. Sasa goti halifiki hata pale nilipolikuta. Anaswali kwenye kiti, na kiti kimeshakuwa chake.

Mtaani hakumwambia mtu. Angenitangaza ningepumua. Nikipita garaji yake ananyanyua mkono, "Dokta," na hanitanii. Dirishani sasa kuna kipande cha katoni.

Nilichojifunza ni hiki: nilipima pembe hadi nusu ya nyuzi, lakini sikumpima mtu aliyekuwa ananiambia anaumia. Nilimwita mwoga kwa sababu jibu lake halikuwemo kitabuni. Kama unajifundisha kazi ya mwili wa mtu, uliza filamu, uliza karatasi za hospitali, na akisema inachoma, ondoa mkono.

Fomu za chuo zimetoka tena. Nimejaza moja kwa penseli mara tatu, nikaifuta mara tatu. Pale wanapouliza kama una uzoefu wowote, sijui niandike nini.

Mlio kwenye kazi hii, mngeandika nini? Nasoma yote, hata makali.