Kisanduku cha Sita

Profesa Nélida Oyarzún alifundisha somo la metali katika chuo kikuu cha hapa Antofagasta kwa miaka thelathini na moja, na mwaka ule alikuwa amechoka, uchovu usiotibika kwa likizo. Mimi, Yasna, nilikuwa msaidizi wake. Mkuu wa idara alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba somo lake la kuiga metali kwa kompyuta lazima lihamie kwenye madaftari ya kisasa. Angeonyesha kipindi kimoja mbele ya jopo. Akishindwa, somo angepewa mwingine, naye astaafu.

Daftari lenyewe si la karatasi. Ni ukurasa wa kompyuta wenye visanduku: unaandika maagizo katika kimoja, unabonyeza, jibu linatokea chini yake. Kwa kuwa alizoea kuandika programu ndefu na kuiacha ijiendee siku mbili, aliona kama analishwa kwa kijiko. Alinung'unika, ila alijifunza. Kila alasiri tulikunywa chai kwa mkate na parachichi, naye akibonyeza mara juu, mara chini, mara katikati, na kufuta alichoona hakihitajiki. Wiki ya tatu akapata umbali kati ya atomi za shaba, sawasawa na unaopimwa maabara, akalituma jibu hilo kwa jopo. Siku hiyo alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mumewe afariki.

Asubuhi ya kipindi, ikiwa imebaki saa moja, aliwasha mashine upya akaliendesha daftari tangu juu. Kisanduku cha sita kikatoa maandishi mekundu. Nilielewa papo hapo, maana yamenikuta hata mimi. Hatua moja ya hesabu aliiandika katika kisanduku fulani, kisha akakifuta, na mashine ikaendelea kuikumbuka kwa kuwa hatukuwahi kuizima. Tulijaribu kuiandika upya hatua hiyo, lakini umbali tuliopata haukuwa wa shaba wala wa metali yoyote niijuayo, tukaifuta tena.

Nilikuwa na nakala ya juzi, majibu yote yamebaki chini ya visanduku vyake.

"Mwalimu, fungua hii," nikamwambia. "Usibonyeze kitu. Wasomee tu majibu, wale wa jopo hata hawatashtuka."

"Na wanafunzi watakaoanza somo mwezi wa tatu?"

"Mwezi wa tatu tutakuwa tumesharekebisha."

Alivua miwani akajifikicha macho. "Yasna mwanangu, mimi nimechoka. Usinibebeshe na uongo juu."

Mbele ya jopo alifuta majibu yote, akaanza kubonyeza kimoja kimoja. Cha sita kikawa chekundu, picha ya projekta ikijaza ukuta mzima. Akawaeleza polepole kosa lake, na kwamba jibu alilowatumia wiki iliyopita lilitoka kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo wasiliamini. Halafu akaketi. Mjumbe mmoja akatazama saa yake. Mkuu akamshukuru kwa utumishi wa miaka mingi, na sote tukajua maana yake. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama.

Mwezi wa tatu somo nilipewa mimi. Barua ilisema nimechaguliwa kwa umakini wangu na uaminifu katika kazi. Niliisoma mara mbili, nikaitia sahihi.