Makuli Walioacha Kubeba

Shemeji yangu, mume wa dada, amebeba magunia katika soko la mahindi la Sumbawanga tangu kabla hajamuoa dada. Lori likija, makuli huegemeza ubao mrefu kwenye bodi, kisha mtu hupanda nao akiwa na lumbesa mabegani, lile gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa. Mwaka jana, mavuno yalipoanza kuingia mjini, shemeji alianza kusimama katikati ya ubao ili avute pumzi. Zahanati wakampima, wakakuta presha iko juu. Walimpa vidonge, wakamshauri aachane na mizigo mizito.

Vidonge alimeza. Ushauri ndio uliomtisha.

Kila kuli pale sokoni anajua kwamba ukiacha kubeba, unakufa. Mifano wanayo. Kulikuwa na mmoja mrefu, mtu wa Laela, aliyeacha kazi wakati wa masika na kiangazi hakukiona. Mwingine, aliyekuwa akiimba huku amebeba, aliacha akafungua genge la nyanya. Watoto wake ndio waliomalizia kuziuza. Mwili wa kuli, wanasema, ni kama baiskeli: ukisimama unaanguka. Dada naye aliamini hivyo. Akimwacha mumewe aendelee, atamfia kwenye ubao; akimwambia apumzike, atamfia kitandani. Jioni moja alikuja kwangu, mtaa wa Katandala, na kabla hata hajavua kitenge cha mabegani akaniuliza, "Wewe unayefundisha baiolojia, hivi kupumzika kunaua?"

Swali hilo lilinikaa kichwani, nikawa naenda nalo mpaka darasani.

Jumamosi nikaenda sokoni kwa kisingizio cha kununua maharage. Makuli walikuwa wamekaa juu ya magunia wakisubiri lori. Mmoja aliniambia kama natafuta mchumba niseme tu, nisizunguke. Nikamjibu kwamba nilimwona akila ugali juzi, na mshahara wa mwalimu hauwezi kumlisha. Walipomaliza kucheka nikauliza habari za yule mrefu wa Laela: kwa nini aliacha kazi?

Wakatazamana. Basi, alikuwa anakohoa, mmoja akasema. Alikohoa tangu mwaka uliotangulia. Na yule mwimbaji? Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia.

Nikawaeleza nilivyoona. Ugonjwa ulitangulia, kuacha kazi kukafuata, kifo kikaja mwisho. Ukikaa kwenye lango la hospitali ukawatazama wanaoingia, unaweza kudhani ni lango linalowapa homa. Wakauliza, na walikuwa na haki, mbona wanaobaki kazini ni wazima? Nikasema ni kwa sababu aliye mgonjwa hawezi kubaki. Ubao wenyewe unawachagua. Hapo mmoja akamkumbuka mwenzao aliyeanguka na gunia lake, akafa siku hiyohiyo. Huyo je, aliuawa na nini? "Presha," wakajibu wote. Kumbe anayefia kazini huuawa na ugonjwa, na aliyeacha huuawa na kuacha.

Nikauliza tena: walioacha na hawajafa wako wapi?

"Hao hawapo," alisema mmoja, kisha akaanza kujishangaa mwenyewe. Maana wapo, ila wamerudi kwao. Mmoja alikwenda Kipili kwa wakwe zake wenye mitumbwi. Mwingine yuko Matai, au alikuwepo. Hakuna aliyejua zaidi. Habari za kijijini hufika mjini zikiwa za msiba, kwa kuwa msiba unahitaji watu na michango. Hakuna anayepiga simu kutangaza kwamba fulani amekula, ameshiba na amelala.

Shemeji hakuridhika na maelezo yangu. Alitaka kumwona mtu. Basi tulipanda gari la Matai, yeye, dada na mimi, na baada ya kuulizauliza tukaelekezwa kwenye shamba moja nje kidogo ya mji. Kuli yule wa zamani alikuwa akiinua matuta ya duara, yale ya Kifipa yanayofukia majani ndani ili yaoze. Goti moja lilikuwa halikunji vizuri. Shemeji, aliyekuwa mdogo kwake sokoni, akampa shikamoo.

"Marahaba. Mmekuja kunizika?" akauliza. "Mbona hamjabeba hata mchele?"

Dada alicheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Tulikaa kwenye nyasi, mzee akatueleza bila kupamba. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Aliamka alfajiri hana pa kwenda, akala ugali uleule wa kuli bila kubeba chochote, akanenepa, akawa mkali kwa mkewe. Kilichomtoa kitandani ni mkewe kumwachia nusu ya shamba. Nikamuuliza kilimo kina nafuu gani, wakati jembe nalo ni mzigo.

"Jembe likinichosha nalilaza," akasema. "Gunia likikuchosha katikati ya ubao, utalilaza wapi?"

Shemeji alikuwa akitazama matuta.

Nami nilirudi nikiwa na maswali zaidi. Mtu mmoja aliye hai Matai hathibitishi kwamba kuacha mapema kunarefusha maisha, na dada nilimwambia hivyo waziwazi. Huenda vumbi na mizigo ya miaka yote vimeshakula sehemu ya mwili isiyorudi. Ninachojua ni kwamba hofu yao ilijengwa kwa kuwahesabu wafu peke yao.

Wiki ile shemeji aliwaaga wenzake. Siku ya kwanza shambani kwa dada aliinua matuta kana kwamba lori linamsubiri, na kufikia saa nne akawa anahema vilevile alivyokuwa akihema katikati ya ubao. Dada alimnyang'anya jembe, wakagombana mbele yangu, kwa Kifipa, ambacho hutumika nyumbani kwao pale tu mambo yanapokuwa mazito. Mwishowe shemeji akakaa. Muda mrefu hakujua mikono aiweke wapi. Akaipachika magotini, akaiondoa, akaanza kung'oa nyasi.

"Shemeji," akaniambia, "mtu akikaa hivi, anafanya nini?"

Dada akamjibu kabla yangu kwamba anapumua, basi. Akampa kikombe cha togwa, akashika jembe na kuendelea na mstari. Shemeji alikunywa polepole akimtazama. Mara mbili alitaka kuinuka, na mara zote mbili akakaa tena.