Ijumaa za Bi Johari

Betri ya redio ya Bwana Salim ilinuka asidi, harufu kali ya kukwaruza koo, na wanawake wa mtaa wetu wa Kisauni walipambana nayo kwa kujifukiza udi kabla ya kuja kusikiliza. Mpaka leo nikipita penye mafundi wa magari na kuinusa asidi ile, nahisi kama nimechelewa taarabu. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, kituo cha redio cha Mombasa kilikuwa bado kichanga, na mtaani kwetu redio ilikuwa moja tu. Bwana Salim alikuwa karani bandarini. Betri ilipoisha nguvu aliifunga nyuma ya baiskeli, akavuka daraja nayo kwenda kuichajisha kisiwani, na siku akirudi watoto walimkimbilia kana kwamba ametoka Hija. Kila Ijumaa alasiri redio iliwekwa dirishani, wanaume wakiwa barazani na sisi wanawake uani. Kulikuwa na mzozo usiokwisha juu ya upande gani uso wa redio utazame, na nakumbuka kwa furaha kwamba mara nyingi tulishinda sisi.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nikiishi na Nyanya, mama mzaa baba. Baba alifanya kazi ya reli huko bara, tukimwona Idi hadi Idi. Mama alikuwa ameachwa nilipokuwa na miaka sita. Kosa lake lilikuwa kuimba. Kwanza aliimba jikoni, kisha harusi za jirani, kisha harusi za mbali, na Nyanya akamwandikishia baba barua kwamba mkewe amekuwa mtu wa kutazamwa. Talaka ilikuja kwa posta. Mama alikwenda kwao kisiwani na sanduku lake, nami nikabaki, kwa kuwa Nyanya alisema mtoto wa kike hafuati ngoma. Hakuna aliyenikataza kumtaja, lakini nilipomtaja watu walikumbuka ghafla kazi walizoziacha jikoni, hivyo nikanyamaza. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinne na watu wawili, na mimi nilizungumza zaidi na kuku.

Ijumaa moja mtangazaji akasema tutamsikia mwimbaji mpya, Bi Johari. Vinanda vilianza, ngoma ya dumbaki ikaingia, kisha nikasikia kikohozi kidogo, cha mtu anayebisha hodi kwenye koo lake mwenyewe. Mama hakuwahi kuanza wimbo bila kikohozi kile. Wanawake wenye haya wakati huo walijificha nyuma ya jina la kubuni, na mama yangu alijificha vizuri, maana uani pale hakuna aliyemtambua. Nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kufumba macho. "Wallahi huyu yuwaimba," alisema, akachomoa ua la asumini kwenye nywele zake na kulichomeka kwenye kitambaa cha redio, kama wanawake wanavyomtunza mwimbaji aliye mbele yao.

Mwenzake mmoja alimchokoza: si yeye asemaye waimbaji hawana adabu? Nyanya alikuwa na jibu tayari. "Wale wa harusini hutazamwa. Huyu kajisitiri, haonekani hata kidole. Mwanamke aimbe hivi." Kipendacho moyo dawa, na Nyanya akawa mgonjwa wa Ijumaa. Alipika mapema, alinisuka mapema, akanivuta mkono tukapate nafasi karibu na dirisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa kata ya miaka tisa. Nilijua kwamba nikifungua kinywa tu, Ijumaa zetu zimekwisha. Basi nilikaa miguuni pa Nyanya nikimsikiliza mama, katikati ya wanawake ishirini, na sijawahi tena kuwa mpweke namna ile.

Kisha baba akaandika kwamba anataka kuoa tena. Nyanya alifurahi mno, na Ijumaa hiyo akaita kupitia dirishani, "Bwana Salim, wewe ukivuka na betri wapita kule redioni kwao. Mwambie Bi Johari aje atuimbie harusi ya mwanangu. Mwambie pia nyumba ni ipi, na mwanangu ni nani. Pazia tutaweka, hataonekana na mtu." Hapo ndipo ilinipasa kusema. Nilielewa kabisa mama anaombwa kitu gani. Lakini nilitaka kumwona, hata kama ni kwa kumwaibisha, nikauma leso yangu nikanyamaza. Bado naona aibu.

Ijumaa iliyofuata, kabla taarabu haijaanza, Bwana Salim alileta jibu. Alikuwa mgeni wa miaka miwili mtaani na hakujua anabeba nini. "Bi Johari akusalimu sana, Bi Mkubwa. Asema harusi hiyo hataweza. Tena auliza, yule mtoto siku hizi yuwasukwa na nani?"

Nyanya alinitazama kichwani, kwenye mistari aliyoisuka yeye asubuhi ile.

"Mwambie," alisema, "nasuka mimi."

Alikaa mpaka taarabu ikaisha. Njiani hakuniuliza kama nilijua, nami sikumwambia. Ijumaa iliyofuata alijifukiza udi, akavaa buibui, nami nikasimama mlangoni nimeshavaa viatu. "Wewe baki," aliniambia. "Linda nyumba." Alikwenda peke yake, siku ile na kila Ijumaa baada yake. Upepo uliniletea dumbaki tu, maneno hayakufika. Nyanya akirudi niliuchungulia uso wake nijue kama mama ameimba, na macho yakiwa mekundu nilijua ameimba.

Nilikutana na mama nikiwa na miaka kumi na tisa, Nyanya akiwa ameshafariki. Pumu ilikuwa imeshamla mama kifua. Nilimwomba wimbo mmoja tu, akajaribu, akacheka, akakamata mbavu. Wajukuu wangu leo hutembea na waimbaji wa dunia nzima mfukoni, na mmoja wao alishinda mchana mzima akimtafuta Bi Johari kwenye simu, akidhani kila kilichoimbwa kimehifadhiwa mahali. Nilimwambia aache. Enzi zile waliimba moja kwa moja hewani, na wimbo ukiisha umekwisha. Mimi mwanawe nilimsikia Ijumaa saba. Aliyemsikia mpaka siku ya mwisho ni Nyanya, aliyemtoa nyumbani kwetu.