Safari ya Bukama kwa Ajili ya Kichwa Changu

Kilichonitoa nyumbani Kamina, nikapanda treni peke yangu kwa mara ya kwanza maishani, ni barua ya mama. Nasema mapema ili ninyi wa Luputa msije mkadhani nilikwenda kutembea. Miezi minne ilikuwa imepita tangu nimfuate mume wangu Antoine, karani wa stesheni, na katika miezi hiyo hakuna mkono wa mtu uliogusa kichwa changu. Nilikifunga kitambaa, nikanyamaza. Lakini mmoja wenu, ambaye leo simtaji, alipita Kamina, akaniona bombani kitambaa kimeteleza, akarudi kwenu kutangaza kwamba nimeota kiota kichwani.

Mama hajui kuandika, akamwagiza katekista. “Nani anakusuka huko?” aliuliza. “Mwanamke asiye na wa kumsuka hana mtu. Nitumie picha nikuone. Isipofika kabla ya Pentekoste, kaka yako Pierre atakuja kukuchukua.”

Niliisoma mara tatu. Pierre mnamjua. Akisema atakuja, anakuja, na akija harudi mikono mitupu. Nami nilimpenda mume wangu, nasema bila haya, na sikutaka kuchukuliwa.

Asubuhi iliyofuata nilianza kutafuta. Kinyozi hajinyoi, na mimi kisogo changu sikifikii. Nyuma ya soko la Kamina alikuwapo mama mmoja mwenye mikono myepesi. Nilikuwa nimeona vichwa vya binti zake kanisani, nikavitamani. Bei yake kipande kimoja cha sabuni. Nikaketi, nikafungua kitambaa, moyo umetulia.

“Muntu yako iko wapi?” akaniuliza. “Nani atashika nywele?”

“Bwana yangu atashika.”

Alicheka mpaka akajishika mbavu. “Bwana! Bwana haiko ndugu. Kesho munagombana, na nywele yako iko mu mukono yake!”

Nikadhani anatafuta bei, nikatoa kipande cha pili cha sabuni. Akaondoa mikono kichwani mwangu kana kwamba amegusa chungu cha moto, akasimama, akaingia ndani. Nikafunga kitambaa, nikaenda kwa mwingine. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Wa tatu hakunifungulia hata mlango, maana habari ya mgeni anayelipa mara mbili ilikuwa imenitangulia.

Jirani yangu ndiye aliyenifumbua macho. Nywele zinazotoka kwenye kitana hapa hazitupwi. Ndugu wa anayesukwa huketi karibu, akazipokea zote, akaenda kuzifukia anakojua yeye. Hapo hata mtu akiugua kesho yake, msusi hana lawama. Asipokuwapo ndugu, lawama yote ni ya msusi, na anayelipa mara mbili huonekana anaficha jambo. Nilishtuka sana. Miezi minne nilikuwa nikifikiri wananidharau kwa kuwa natoka kwetu Kasai, kumbe walikuwa wananiogopa!

“Enda Bukama,” jirani akasema. “Kule iko Mama Kapinga, muntu ya kwenu. Anasuka muzuri, na bei yake haiko nguvu.”

Alhamisi alfajiri nilipanda treni. Nilipata nafasi dirishani, nikatandaza kikwembe, kitenge changu kipya, magotini ili nifike safi. Kabla treni haijaondoka akaingia mwanamke mnene mwenye vitunga vitatu vya samaki. Alikuwa amemaliza kuuza Kamina, kwa hiyo vitunga vilikuwa vitupu, lakini harufu haikuwa imeuzwa. Kimoja akakiweka moja kwa moja juu ya magoti yangu.

“Mama,” nikamwambia, “ondoa kitunga chako. Kinanuka.”

“Kinanuka? Weye haukulaka samaki?” Akanitazama toka juu hadi chini. “Na ile kichwa umefunga, haiko na harufu?”

Behewa zima liliangua kicheko. Tangu nizaliwe hakuna aliyenisema hivyo mbele za watu, hata Pierre. Nilimgeuzia mgongo, nikaangalia nyasi na miti ya nyanda zile zisizoisha. Hatukusemezana tena njia nzima, ila kitunga kilibaki magotini, na maji ya samaki yakanipenya hadi kwenye ngozi.

Saa nane mchana tulifika Bukama. Kamina kuna upepo. Bukama joto linakupokea mlangoni. Niliuona mto Lualaba, mpana na wa rangi ya udongo, na mitumbwi imesongamana, na samaki wameanikwa kila mahali kama kwetu tunavyoanika mihogo. Mama Kapinga sikumtafuta sana. Nilipomsalimu kwa lugha yetu tu, “Moyo, mama,” alinikumbatia, akanipa maji, akapokea sabuni yangu moja kwa furaha. Akanifungua kitambaa, akaguna.

“Haya. Na ndugu yako yuko wapi?”

“Si wewe, mama? Sisi sote wa Kasai.”

Akashusha kitana. “Mwenye kusuka hashiki nywele, mwanangu. Nikizishika mimi, nani atakuwa shahidi wangu?” Akanisimulia kwamba mwaka mmoja alimhurumia msafiri asiye na ndugu, akamsuka. Yule mwanamke akashikwa na homa, na asubuhi watu wakaja mlangoni kwake na michi ya kutwangia. Tangu siku hiyo aliapa hasuki tena mtu asiye na ndugu.

Sikuamini masikio yangu. Nimetoka Kamina, nimevumilia kitunga, nimempata msusi mzuri wa bei nafuu, wa kwetu hasa, na mikono yake imeishia hewani! Treni ya kurudi ilikuwa kesho. Mpiga picha wa kupita angefika Kamina Jumapili hiyo tu, na Jumapili ya pili yake ni Pentekoste. Nililia pale uani kama mtoto, kichwa wazi.

Wakati huo akaingia mwanamke kumletea Mama Kapinga samaki wa jioni. Niliinua macho. Alikuwa ni yule wa treni.

“Aa, njo huyu!” akasema. “Analilia nini?”

Mama Kapinga akamweleza. Niliinamisha uso nikingoja kicheko cha pili. Yule mwanamke akaweka samaki chini, akafuta mikono kwenye kikwembe chake.

“Minyi njo ndugu yake,” akasema, akijigonga kifua.

“Ngoie, haumujue hata jina!”

“Namujua. Anagombana na bantu mu treni. Njo ndugu yangu kabisa.”

“Na akigonjwa?”

“Mutakuya kwangu.”

“Na akikufa?”

Ngoie alinitazama kidogo, na safari hii hakuwa anacheka. “Mutakuya kwangu.”

Mtu niliyemwambia ananuka alikuwa amebeba uhai wangu mgongoni mwake, na watu wa Bukama hawasahau neno lililosemwa uani. Nikamuuliza kwa nini.

“Minyi ni muntu ya Malemba-Nkulu,” akajibu. “Niliolewa hapa, nikakaa mwaka muzima na kitambaa mu kichwa. Hakuna muntu alinishikia. Sasa nyamaza, kaa chini.”

Mama Kapinga alinisuka kwa uzi mweusi mpaka jua likashuka. Mnaojua kusuka mngeshangaa: mistari imenyooka, na haiumi. Ngoie aliketi mbele yangu na jani la mgomba mkononi. Kila unywele uliotoka kwenye kitana aliupokea. Aliutafuta hata ule ulionidondokea shingoni, akalamba kidole ili aunase. Usiku nililala kwake, nimelala kifudifudi kwa kuchunga kichwa.

Ijumaa asubuhi alinisindikiza stesheni. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumshukuru na kumuaga. Kabla sijayatoa, akapandisha vitunga vitatu vilivyojaa, kisha akapanda mwenyewe.

“Unakwenda wapi?”

“Kwa shemeji. Nimuone ule bwana alioa ndugu yangu.”

Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Kamina aliingia nyumbani kwangu mbele yangu, akafunua sufuria, akatia kidole kwenye sombe yangu ya majani ya mihogo, akakunja uso. “Shemeji! Njo hivi ndugu yangu anakulaka?” Antoine alinitazama mimi, akatazama nywele zangu, akamtazama yeye. “Ndugu?” akaninong'oneza. “Ndugu zako si wote wako Luputa?” Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alilichukua jembe siku ya kwanza, akaenda nyuma ya jiko kufukia nywele. Wapi hasa, hata mimi hakuniambia.

Jumapili baada ya misa mpiga picha alisimamisha chombo chake mbele ya kanisa. Nilitaka nipigwe peke yangu, ubavu, ili mistari yote ionekane. Nilijipanga, nikazuia pumzi. Ghafla mkono mzito ukaanguka begani mwangu na harufu ninayoijua ikanijia. “Inua kidevu,” Ngoie akasema. Niligeuka kumkaripia, na chombo kikalia.

Picha ilipotoka nusura nizimie. Ngoie anaonekana vizuri, hata maua ya kikwembe chake yanahesabika. Kichwa changu ni ukungu mtupu, huwezi kujua kama kimesukwa au ni kile kiota. Mpiga picha alikuwa ameshaondoka. Niliituma hivyo hivyo, maana sikuwa na nyingine, na Ngoie nikamnunia mpaka aliporudi kwao. Mama sikumwandikia neno lolote juu ya mwanamke yule. Ningeanzia wapi? Kisha nikawa naenda stesheni kila treni ya Kasai ilipofika, natafuta kofia ya Pierre kati ya abiria.

Pierre hakuja. Pentekoste ikapita, ikaja barua, nikamwomba Antoine anisomee.

Nilikuwa nimejifunza kwamba msusi mzuri wa bei nafuu hatoshi. Ugeni unakwisha siku mtu anapokubali kujibu kwa ajili yako, na mtu huyo humchagui, yeye ndiye anayekuchagua, na ukimnunia hasikii. Nilidhani hilo nimelijua mimi peke yangu, kwa taabu zangu mwenyewe. Sikilizeni basi alichoandika mama, aliyekuwa ameona picha ile tu:

“Nywele zako sikuziona, picha ina moshi. Pierre nimemwambia afungue mizigo yake. Huyo dada uliyemgeukia kwa hasira, msalimu sana. Mvumilie, mwanangu. Ndugu ndivyo walivyo.”